Nilipiga picha ukurasa wenye muhuri wa SIRI, sasa kazi yangu iko hatarini

Mshauri,

Nakuandikia nikiwa Mamboleo, Kisumu, saa nane za usiku. Usingizi umenikataa kwa siku tisa sasa. Naomba usitaje jina langu wala ofisi yangu.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Nina umri wa miaka 38, na miaka 12 nimekuwa nikishughulika na mafaili. Mwaka jana nilihamishiwa masjala ya siri baada ya kupigwa msasa na kula kiapo. Nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la chuma na rejesta ya kutoa na kurudisha mafaili. Mafunzo yalikuwa ya asubuhi moja: soma karatasi ya kanuni, tia sahihi, basi.

Ijumaa hiyo mkuu wangu aliniambia kumbukumbu za mkutano fulani zichapwe upya na ziwe mezani kwake Jumatatu saa mbili asubuhi. Saa kumi na nusu stima zikapotea na jenereta ikakataa kuwaka. Mkuu alikuwa ameshaondoka. Nikawaza kwamba nikilibeba faili hadi nyumbani nitakuwa nimevunja kanuni waziwazi. Basi nikatoa simu yangu, nikapiga picha kurasa tatu, nikalirudisha faili kabatini na kufunga. Niliona nimechagua njia iliyo salama zaidi. Jumamosi nilizichapa kwenye laptopu ya nyumbani, ambayo mwanangu wa sekondari huitumia kwa masomo, nikazitia kwenye flashi. Jumatatu nikazitoa kwa printa ya ofisi, na mkuu akanishukuru.

Lakini Jumapili katikati ya hayo tulikuwa Ahero kwenye harusi ya binamu yangu. Jioni nikiwa kwenye matatu nikirudi mjini, nilituma picha za harusi kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambalo lina watu 43. Nilizichagua haraka haraka na kidole kikagusa moja isiyohusika. Kati ya picha ya keki na ya maharusi kukawa na ukurasa wa pili, muhuri mwekundu wa SIRI juu na chini, na maandishi yakisomeka vizuri tu. Sikujua hadi mpwa wangu alipoandika, "Aunty, hii ya katikati ni ya nini?" Dakika 25 zilikuwa zimepita. Nikaifuta kwa wote, kisha nikafuta picha zote tatu kwenye simu. Mikono ilitetemeka hata nikapitisha stejini kwangu.

Ukurasa huo una majina na namba za simu za watu wawili wa kijijini waliotoa habari kuhusu wizi wa mifugo.

Nimewaambia watu wawili tu. Mume wangu anasema ninyamaze, yamepita. Mwenzangu wa kazini ninayemwamini anasema kila mtu hupiga picha, na nikijipeleka mwenyewe nitafanywa mfano. Mimi nawaza kujiuzulu kabla hayajafumka. Mwisho wa mwezi natakiwa kujaza fomu ya kupigwa msasa upya, na kuna swali linalouliza kama nimewahi kukiuka kanuni za utunzaji wa nyaraka. Nina mkopo wa sacco uliobakisha miezi 19, na mama yangu ni mgonjwa.

Mimi si msaliti. Nifanyeje?

Aliyekosa Usingizi, Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kabla ya kuichapisha nimeondoa sentensi mbili zilizotaja eneo na aina ya mkutano, na ukiniandikia tena tafadhali usizirudishe. Jibu fupi nilikutumia siku ileile, kwa kuwa mengine hayangengoja. Hapa nayaeleza kwa urefu.

Nikikuelewa vyema, unauliza mambo matatu yaliyofungamana. Je, utabaki na kibali chako cha kushika nyaraka za siri, na kazi yako? Je, ni lazima useme? Na wale watu wawili je? Hili la tatu umelipitia katikati ya barua kwa sentensi moja fupi, lakini nahisi ndilo linalokuamsha saa nane.

Kwanza pole. Aliyeamua kuliacha faili kabatini kwa sababu kanuni inakataza lisitoke alikuwa anajaribu kutii. Sikuoni kama msaliti, na hakuna neno katika barua yako linalonifanya nikuone hivyo. Hata hivyo naomba turudi pamoja hadi Ijumaa ile, kwa sababu wewe unahesabu kosa kuanzia kwenye matatu, na mtu wa usalama atalihesabu kuanzia pale kabatini. Kwake yeye, siri ilitoka ofisini dakika simu yako binafsi ilipoinama juu ya ukurasa. Kundi la familia ni kituo kimoja tu cha safari hiyo, na huenda si cha mwisho.

Tazama njia yenyewe. Kama simu yako imewashwa kuhifadhi picha kwenye Google Photos, zile kurasa tatu huenda zilipanda mtandaoni Ijumaa usiku, hata kabla ya harusi. Ukifuta picha iliyokwisha kupanda, hukaa kwenye pipa la taka la Google Photos kwa siku 60 kabla ya kutoweka. Katika simu nyingi za Android, picha uliyotuma kwa WhatsApp huwekwa pia kwenye folda yake ya zilizotumwa, mbali na ile uliyoipiga. Laptopu ya mtoto ina faili uliyochapa, na programu ya kuchapia huweka nakala zake za muda. Na flashi haifuti kama ubao wa darasani: ukifuta, kinachoondoka ni jina la faili kwenye orodha, na maandishi hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi yeyote wa mjini mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuyatoa.

Ukisoma haya, mkono wako utataka kusafisha kila kitu usiku huuhuu. Nakusihi usifanye hivyo. Nia yako itakuwa njema, lakini atakayekuja kuchunguza ataona mtu aliyefuta ushahidi. Tena utakuwa umetupa kitu pekee kinachoweza kukutetea. Simu hiyo ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba ni ukurasa mmoja ulioenda kwenye kundi, kwamba ulienda kwa kundi moja, na saa ulipoufuta. Cha kufanya ni kuzuia isienee zaidi, bila kuigusa kwa lingine lolote. Zima uhifadhi wa picha mtandaoni, weka simu katika hali ya ndegeni, kisha izime. Laini yako ihamishie kwenye simu nyingine ili M-Pesa na wagonjwa wa nyumbani wasikwame, ila usifungue WhatsApp kwenye simu hiyo ya pili, kwa sababu akaunti itatoka kwenye ile ya kwanza. Laptopu ifunge na uiweke mahali mtoto hafikii. Flashi itie kwenye bahasha, uandike tarehe juu. Usimpe fundi, usiuze, usirudishe simu kwenye hali ya kiwandani. Zile picha ulizokwisha kufuta, usizirejeshe na usiyamwage mapipa. Sema tu kwamba ulizifuta na saa uliyofanya hivyo.

Kuhusu wale 43, kufuta kwa wote hakufikii picha ya skrini wala nakala ambayo mmoja wao alimtumia mtu mwingine. Lakini ukiandika kwenye kundi, "Tafadhali futeni ile picha," utakuwa umewatuma watu 43 kuitafuta. Mpwa wako naye usimwombe akurudishie picha ili uone kilichoonekana. Andika tu saa aliyokuuliza. Jinsi ya kuzungumza na kundi hilo waachie wanaojua uzito wa ukurasa ule.

Sasa nikuulize kwa upole: unajuaje kwamba yamepita? Mume wako anakupenda na anataka ulale. Lakini yeye hajui nani katika kundi ana shemeji katika kijiji kile, na wewe pia hujui. Ndugu wa harusi moja huoa na kuolewa kila upande wa mpaka. Ikiwa jina limefika panapouma, watu wawili wanaweza kudhurika bila kujua kwa nini, na wanaoweza kuwaonya au kuwahamisha hawana habari kwamba kuna la kuonya. Sisemi limefika. Nasema anayeweza kulipima hilo si wewe wala mumeo.

Hapa kuna sheria inayohesabu saa. Majina na namba za simu ni data binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue kwamba data imefikia mikono isiyo yake, ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wahusika. Mambo ya usalama wa taifa yana msamaha wake katika sheria hiyo, na kuamua kama msamaha huo unahusika hapa ni kazi ya wakubwa wako. Lakini hawawezi kuamua jambo wasilolijua.

Turudi kwenye njia ulizotaja. Kunyamaza kuna mvuto wake, na siwezi kukudanganya kwamba kila anayenyamaza hugunduliwa. Uangalie tu kwamba siri hii tayari ina watu wasiopungua wanne: wewe, mumeo, mwenzako wa kazini na mpwa aliyeuliza. Kisha inakuja fomu. Ukiandika "Hapana" utakuwa umetoka kwenye kosa la kidole na kuingia kwenye kosa la kalamu, na hilo la pili halina cha kutetea. Mwenzako anasema kila mtu hupiga picha. Huenda ni kweli, ila siku ya kujieleza hatakuwepo kusema nawe, na pia atakuwa na sababu ya kukana kwamba ulimwambia.

Kujiuzulu ndiko kunakonitia hofu zaidi kwa upande wako. Kiapo hakiishi unaporudisha ufunguo. Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, inawagusa hata waliokwisha kuacha kazi. Ukiondoka ghafla na jambo likajulikana mwezi ujao, kuondoka kwako kutasomwa kama kukimbia, na mkopo wa miezi 19 utakuwa unakusubiri bila payslipu. Anayejiuzulu baada ya kusema, akiwa ameshauriwa, ana hali nyingine kabisa.

Kusema nako kuna gharama, na ni vizuri uione kabla hujaingia mlangoni. Unaweza kupewa onyo la maandishi na mafunzo upya. Unaweza kurudishwa masjala ya kawaida na kunyang'anywa ufunguo. Unaweza kupewa barua ya kutakiwa kujieleza na kusimamishwa kazi kwa nusu ya mshahara wakati wa uchunguzi. Mashtaka pia hayawezi kuondolewa kwenye hesabu. Piga hesabu ya nyumbani sasa: nusu mshahara ukitoa makato ya sacco unabaki na shilingi ngapi, na dawa za mama ni kiasi gani kwa mwezi. Ni afadhali uzungumze na sacco mapema kuhusu kupanga upya mkopo kuliko kuwafuata ukiwa umeshakosa miezi miwili.

Hofu yako ya kutupwa nje bila kusikizwa, hata hivyo, ina majibu katika sheria. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akueleze kosa kwa lugha unayoielewa na kukusikiliza kabla ya kukuachisha kazi, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama umchaguaye. Ibara ya 236 ya Katiba inakataza mtumishi wa umma kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria kufuatwa. Ibara ya 47 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapohapo Kisumu. Barua yoyote utakayopewa, soma kwanza siku za kujibu au kukata rufaa na uzitie alama, kwa kuwa wengi hupoteza haki yao hapo na si kwenye kosa lenyewe.

Na kibali? Nchini kwetu ripoti za usalama kuhusu wanaotafuta kazi za umma ni sehemu ya kazi ambayo sheria ya mwaka 2012 iliipa Idara ya Ujasusi, na mizani yao hawaibandiki ukutani. Marekani waliiandika hadharani, katika mwongozo ulioanza kutumika tarehe 8 Juni 2017. Hautuhusu kisheria, lakini unaonyesha jinsi mkaguzi anavyofikiri. Kuhusu utunzaji wa nyaraka unauliza: Je, ilikuwa bahati mbaya? Aliripoti upesi? Kuna dalili kwamba siri ilifika pabaya? Ni tabia au ni mara moja? Je, mafunzo yalikuwa hafifu au maagizo hayakueleweka? Baada ya kuelekezwa alibadilika? Kudanganya kwenye fomu kumewekewa kipengele chake peke yake, na humo anahurumiwa aliyejirekebisha mwenyewe kabla hajakabiliwa na ushahidi.

Jipime hapo. Ilikuwa bahati mbaya upande wa kutuma. Upande wa kupiga picha ulikusudia, ingawa kwa nia njema, na usiyachanganye hayo mawili utakapojieleza. Ni mara moja? Wewe ndiye unayejua kama kuna Ijumaa nyingine kabla ya hii. Mafunzo ya asubuhi moja ni jambo la kweli linalokusaidia, na stima kupotea pia. Yaseme kama ulivyoniandikia, kwa sentensi mbili, bila kumtwika mkuu mzigo wake. Hakukwambia uzibebe nyumbani, na hakukwambia ufanye nini mitambo ikizimika. Yote mawili ni kweli. Penye udhaifu ni neno "upesi": siku tisa si saa moja. Lakini siku ya kumi ni bora kuliko siku ya fomu.

Ukielekea huko, pita kwanza kwa wakili, na iwe ni suala la siku moja au mbili, si wiki tatu. Una haki ya kutojitia hatiani kwa kinywa chako, na taarifa ukishaitia sahihi ni vigumu kuirudisha. Ila wakili naye hana kibali. Mweleze kilichotokea, usimweleze kilichoandikwa. Vivyo hivyo mumeo, mchungaji, hata mimi.

Kuripoti kwenyewe kufanyike ana kwa ana. Usimwandikie mkuu kwa WhatsApp, usimpigie simu ukaanza kutaja majina, maana hapo unamwaga mara ya pili. Taarifa ya maandishi itaje tarehe na saa ulipopiga picha, ni kurasa ngapi, aina ya simu na akaunti zilizo ndani yake, nani mwingine hutumia laptopu, saa ulipotuma, idadi ya watu kwenye kundi, saa ya swali la mpwa, saa ya kufuta, na kila uliyemwambia baadaye. Faili litambulishwe kwa namba yake tu, na yaliyomo yasirudiwe hata kwa muhtasari. Usiandike "hakuna aliyeona". Andika kwamba mmoja aliuliza, na wengine hujui. Nakala ya taarifa hiyo usibaki nayo nyumbani. Uliza ihifadhiwe wapi, nawe uandike tu tarehe, saa na jina la aliyeipokea.

Kuna jambo moja sikuliona katika barua yako: kama mkuu wako ni mtu wa kusikiliza. Kama ni mkali wa kufoka, ofisi nyingi zenye masjala ya siri huwa na afisa anayesimamia usalama wa nyaraka, na unaweza kumwomba awepo mnapozungumza. Chagua saa za mapema, kabla ya foleni ya wageni. Omba dakika kumi. Simu iwe mkobani imezimwa, pamoja na bahasha yenye flashi, na sentensi ya kwanza iwe kuhusu wale watu wawili, kwa sababu wao ndio wasiojua lolote hadi sasa.

Mshauri